Rupia ya Mjerumani na Bei Zake Tatu

Katika usonara, somo la kwanza ni kutoyaamini macho. Unapima kwanza, unasugua kwenye jiwe, unakidondosha kitu mezani usikie mlio wake, ndipo unafungua kinywa kutaja bei. Mjomba wangu, aliyetoka Kilwa Kivinje akaja kufungua kibanda Temeke, alinifundisha hivyo mwishoni mwa miaka ya sabini. Mpaka leo, nikiwa na kibanda changu karibu na soko la Tandika, sitaji bei kabla mizani haijasema. Lakini ipo bidhaa moja ambayo mizani peke yake haiitoshi, nayo ni sarafu ya kale. Hiyo ina bei tatu: bei iliyokuwa nayo ilipokuwa pesa, bei ya madini yake, na bei ya uchache wake. Bei hizo zimekuwa zikipokezana hapa pwani kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila zilipopokezana, mwenye sarafu wa Temeke, wa Kinondoni au wa Rufiji ndiye aliyepata habari mwisho. Naandika ili habari zitufikie na sisi mapema.

Sarafu nyingi ninazoletewa zinatoka kusini. Mabasi ya Kilwa, Lindi na Rufiji yanashusha watu Mbagala Rangi Tatu, na katikati ya magunia ya korosho na samaki wakavu hakosi mtu mwenye fundo la kitambaa aliloachiwa na wazazi. Upande wa Kinondoni zinatoka kwenye masanduku ya wazee wa Mwananyamala na Msasani, na baadhi huishia kwa wauza vinyago wa Mwenge, wanaozipanga mezani pamoja na shanga kwa ajili ya wageni. Ukizimwaga juu ya kitambaa cheusi na kuzipanga kwa miaka, unazisoma tawala zote zilizopita katika nchi hii, moja baada ya nyingine.

Wazee wetu wa karne ya 19 walihesabu mali kwa reale. Iliyoenea zaidi ni ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, waliyoiita reale ya Sham. Ilikuwapo pia ya Kihispania, reale ya mzinga, iliyopewa jina hilo kwa sababu nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga. Mwaka 1882, yaani 1299 Hijria, Seyyid Barghash wa Unguja alitoa sarafu zake mwenyewe: reale za fedha zilizogongwa Ubelgiji, na pesa za shaba zenye picha ya mizani. Reale zake ziligongwa kwa idadi ndogo, pesa za shaba zikagongwa kwa wingi na kusambaa mpaka bara. Matokeo yake yanaonekana leo: reale ya Barghash ni adimu na wakusanyaji wanaigombania, ilhali pesa yenye mizani bado naletewa kila mara, na bei yake ni ndogo.

Kisha akaja Mjerumani. Mwaka 1888 kampuni iliyoitwa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft ilikabidhiwa na Sultani Khalifa usimamizi wa ukanda wetu wa pwani. Watu wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata, kampuni ile ile ikaanza kutoa sarafu. Rupia yake ina Kaisari Wilhelm II upande mmoja, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili kuna simba aliyesimama mbele ya mnazi. Pesa ya shaba ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, yakitaja kampuni ya Wajerumani na mwaka wa Hijria. Walijua vizuri kwamba mtu wa pwani anasoma herufi za Kiarabu.

Uzito nao haukuja kwa bahati. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa rupia ya India, ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameizoea tangu zamani. Sarafu pungufu ingekataliwa dukani siku hiyo hiyo, kwa maana wenye maduka walikuwa na mizani kama yangu.

Wakati huo bei iliyotawala ilikuwa ile ya kwanza, nguvu ya sarafu kama pesa. Tangu 1898 serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya nyumba, na kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa hiyo mkulima wa Rufiji alitakiwa kukusanya pesa 192 za shaba, au aende shambani kwa mzungu akazitafute huko. Mtu hakuuliza rupia ina fedha kiasi gani ndani yake. Aliuliza itamwepusha na askari au haitamwepusha. Mwaka 1904 serikali ilichukua kazi ya kugonga sarafu kutoka kwa kampuni na kubadilisha hesabu: rupia 1 ikawa hela 100. Hela za shaba ziligongwa Berlin na Hamburg kwa mamilioni. Sarafu iliyogongwa Berlin ina herufi ndogo A, na ya Hamburg ina herufi J. Kwa sababu ya wingi huo, hela 1 ya kawaida ya miaka ile inauzwa Ulaya kwa dola chache tu mpaka leo. Anayekwambia hela yako ya shaba itakununulia kiwanja Kigamboni anakutafutia hasara.

Sura yenye utajiri zaidi katika historia hii iliandikwa Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga bahari na sarafu hazikuweza tena kutoka Ujerumani. Serikali ilichapa noti za dharura, lakini askari, wapagazi na wauza vyakula walitaka kitu cha madini mkononi. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Hapo ziligongwa sarafu za hela 5 na hela 20 kwa shaba nyeupe na nyekundu, nyingine zikitokana na maganda ya risasi na mizinga. Zina herufi T, na ukiishika moja unaona haraka yake: ukingo umepinda, maandishi mengine yamefifia kwa kuwa chuma cha kugongea kilikuwa kimechoka. Sarafu za hela 20 ni nyingi na zimetapakaa nchi nzima. Pamoja nazo iligongwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Ina tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Ziligongwa 16,198 tu kabla majeshi ya Ubelgiji hayajaingia Tabora mwezi Septemba 1916. Leo tembo huyo wa Tabora, akiwa katika hali nzuri, anauzwa kwa dola elfu kadhaa. Mikono iliyochimba dhahabu ile na kuichukua mpaka Tabora ilikuwa ya watu wa hapa.

Waingereza walipokamata nchi, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, ikatoa florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921. Shilingi ile yenye simba na milima ilikuwa robo tu ya fedha, na robo tatu madini mengine. Kuanzia zile za 1948 fedha iliondolewa kabisa. Rupia ya Mjerumani ikaacha kuwa pesa, na hapo bei ya pili ikashika zamu, bei ya madini. Fedha safi kiasi kile haikupatikana kirahisi kwingine, kwa hiyo rupia na reale zikaletwa kwa masonara. Bangili, vipuli, mikufu na vikuku vingi walivyovaa bibi zetu viliyeyushwa kutoka sarafu hizo. Nyingine hazikuyeyushwa, zilitobolewa au kuchomewa kitanzi kwa lihamu zikaning'inizwa shingoni kwa bibi harusi. Kwa macho ya wakati ule ilikuwa kazi ya busara kabisa: mwanamke alivaa akiba yake mwilini, mahali ambapo mume hakuigusa bila ruhusa.

Bei ya madini ina tabia yake, hupandishwa na watu wasiojua hata Temeke iko wapi. Mwanzoni mwa 1979 aunsi moja ya fedha ilikuwa kama dola 6. Januari 1980 ilikaribia dola 50, kwa sababu ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walikuwa wamelimbikiza fedha nyingi mno sokoni. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo ilikuwa imeporomoka. Hapa kwetu wakati ule duka lilikuwa na foleni ya sabuni na sukari, na hakuna mtu wa mtaani aliyefuatilia soko la London. Tulichokiona ni wanunuzi wageni kuingia Temeke wakitaka fedha kwa kilo, bila kusema sababu. Nilikuwa nikishika mvukuto. Nilimwona mjomba akitia chunguni rupia za 1890, za 1892, za 1893, nyingine kubwa za rupia 2, zikalegea, sura ya Kaisari ikatoweka kabla ya simba, kisha zote zikawa ujiti mmoja mweupe. Mjomba alipata bei nzuri kuliko mwaka uliotangulia. Mnunuzi ndiye aliyejua bei ya dunia.

Tufanye hesabu ya fedha peke yake. Rupia moja ina kama gramu 10.7 za fedha halisi, na aunsi inayotumika sokoni ni gramu 31.1, kwa hiyo rupia ni zaidi kidogo ya theluthi ya aunsi. Miaka ya tisini, aunsi ilipokuwa kwenye dola 5, fedha ya rupia haikufika dola 2. Mwaka 2011 aunsi ilikaribia tena dola 50, ikashuka, na mwaka 2025 ikavuka dola 50. Kwa bei hiyo ya dola 50 fedha iliyomo katika rupia moja ilifika dola 17, zaidi ya shilingi 40,000 za kwetu wakati huo. Bei ya fedha ya siku unayouza ndiyo kiwango cha chini kabisa. Rupia halisi haipaswi kushuka chini ya fedha yake, hata ikiwa imechakaa mpaka Kaisari hana pua.

Juu ya kiwango hicho ndipo inapokaa bei ya tatu. Ujerumani wapo wakusanyaji wengi wanaotaka kukamilisha sarafu zote za taifa lao tangu 1871, na za makoloni zimo katika hesabu hiyo. Katalogi ya Kurt Jaeger imezipa kila moja namba yake, na mwenye pengo katika mkusanyo wake yuko tayari kulipa ili alizibe. Hivyo rupia 2 za mwaka 1893, zilizogongwa kama 33,000, na za 1894, zilizogongwa kama 18,000, zina bei ya mbali kabisa na uzito wake. Hizo ndizo nilizoziona zikiyeyuka mwaka 1980.

Kuanzia miaka ya themanini Marekani zilianzishwa kampuni, kama PCGS na NGC, zinazokagua sarafu, kuipa alama kuanzia 1 mpaka 70, na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Alama hizo zilipanua pengo kati ya sarafu safi na iliyochakaa, maana mnunuzi wa Osnabrück au Dallas anaweza sasa kulipia kitu asichokishika. Bei za juu kabisa zimekuwa za kushangaza: mwaka 2021 sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933 iliuzwa New York kwa dola milioni 18.9. Soko hilo nalo hupanda na kushuka. Lilipanda sana Marekani mwaka 1989, kisha likaanguka, na walionunua kileleni walikaa miaka mingi wakisubiri.

Jina kubwa kwenye sarafu halitoshi kuipandisha bei. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala mwaka 1936 na kujiuzulu Desemba mwaka huo huo, kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa kwa matumizi kwao. Sarafu moja ya dhahabu ya pauni iliyotengenezwa kwa majaribio ikiwa na sura yake iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Hapa Afrika Mashariki jina la mfalme huyo huyo lipo kwenye sarafu za senti 5 na senti 10 za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati, kwa sababu hazikuhitaji sura, jina tu. Ziligongwa kwa mamilioni. Nimezikuta ndani ya kopo la vifungo la fundi cherehani wa Keko, na thamani yake ni ya kununulia chai na maandazi.

Hali ya sarafu ndiyo inayowatesa watu wetu zaidi. Mama mmoja wa Mbagala Kuu alinijia na rupia ya 1891. Baada ya shikamoo na marahaba, aliifungua kutoka pindo la kanga.

"Baba, hii ya bibi yake mama yangu. Dalali ananipa elfu kumi na tano. Nimpe?"

Niliiweka kwenye mizani ikasoma gramu 11.8, kwa kuwa ilikuwa na kitanzi kilichochomewa juu ya kofia ya Kaisari. Sumaku haikuishika. Niliidondosha ikalia vizuri, mlio mrefu mwembamba. Ilikuwa halisi, ila imesuguliwa kwa majivu miaka na miaka mpaka mnazi umekuwa kivuli.

"Mama, mkusanyaji ataipunguzia sana kwa hiki kitanzi na kwa kusuguliwa. Lakini fedha yake tu ni zaidi ya elfu arobaini. Huyo dalali hakutajii hata nusu."

Akaifunga tena, akasema kama ni hivyo itavaliwa na mjukuu wake. Nilifurahi kuliko kama angeniuzia. Ingekuwa haikuguswa, rangi yake ya kijivu cha zamani ikiwa imetulia juu yake, bei ingekuwa mara kadhaa ya fedha iliyomo. Kwa hiyo nawaambia wote: usisugue. Majivu, ndimu, mchanga, dawa ya meno, stili waya, vyote vinaondoa ngozi ya juu ya sarafu, na ngozi hiyo ndiyo anayoilipia mkusanyaji.

Mwaka ulioandikwa nao usikudanganye. Reale ya Maria Theresa ina mwaka 1780, lakini baada ya kifo chake mwaka huo iliendelea kugongwa na mwaka ule ule, Vienna, Roma, London, Bombay, mpaka siku hizi. Nyingi ni za juzi tu na huuzwa karibu na bei ya fedha yake, ambayo ni kama gramu 23. Rupia bandia nazo zimejaa, hasa za rupia 2: nyingine zinanaswa na sumaku, nyingine zina uzito pungufu. Na wapo wanaopita Tandika wakitafuta "rupia inayovuta mchele", wakiahidi mamilioni na kudai gharama ya kuipima kwanza. Fedha haivuti mchele, wala shaba. Anayetanguliza ada ya kupima anaondoka na hiyo ada, ndiyo biashara yake.

Lipo kundi moja la sarafu ambalo silinunui kwa bei yoyote, na kwa mtu wa Kilwa hilo ni jambo la heshima. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao karne nyingi kabla Mjerumani hajafika. Nyingi ni za shaba, hazina mwaka, zina jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina na jina hilo. Ni za akina Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Dinari zake za dhahabu zinazojulikana ni tatu. Sarafu yake moja ya shaba ilipatikana Zimbabwe Kuu, na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Vyote hivyo tunavijua kwa sababu waliovipata walieleza vilipopatikana. Sarafu ya Kilwa iliyong'olewa ardhini usiku na kuuzwa kimya kimya haiwezi tena kumwambia mtu lolote.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu Tanganyika kabla ya mwaka 1863: hukichimbui bila leseni, hukitoi nje ya nchi bila kibali. Sarafu ya Kilwa imo humo. Kwa hiyo wanaochimbachimba makaburi na magofu, iwe Kunduchi au Mbwamaji, kwa kutafuta "mali ya Mjerumani", wanavunja sheria na wanaharibu makaburi ya wazee wetu.

Mwenye rupia, hela au shilingi ya simba ana haki ya kuuza chake. Auze akijua. Apige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, aandike uzito, mwaka na ile herufi ndogo, kisha aulize watu watatu wasiofahamiana kabla ya kumsikiliza dalali. Aulize pia bei ya aunsi ya siku hiyo, siku hizi hata simu ndogo inaipata. Na kama sarafu ina habari ya ukoo, nani aliipata, kwa kazi gani, alipeleka wapi nyingine, aiandike habari hiyo kwenye karatasi ikae nayo, maana wazee wanaoijua wanapungua. Makumbusho ya Taifa ipo mtaa wa Shaaban Robert, na kuuliza huko ni mwendo wa daladala moja au mbili kutoka Tandika.

Kwa masonara wenzangu nina ombi moja. Chochote chenye jina na mwaka kisiingie motoni kabla hakijapimwa, kikapigwa picha, na mwenyewe akaambiwa ni nini. Fedha ya kutengenezea bangili inapatikana, inauzwa kwa gramu na kwa kilo. Rupia 2 ya mwaka 1894 ikishayeyuka, hakuna mahali duniani inapogongwa nyingine.